Karatasi ya Msiba Niliyoiacha Ipite

Kama gazeti la wiki jana liliazimwa na jirani na hukuliona tena, nakufupishia.

Mimi ndiye Zornitsa, yule ambaye mume wake alikwenda Ujerumani kutafuta maisha, akayapata akiwa na mwanamke mwingine. Duka la mikate nililokuwa nafanyia kazi likafungwa. Mama akafariki, akaniachia nyumba ya vyumba viwili hapa Sofia, mtaa wa Lyulin, ghorofa ya juu kabisa ambako lifti hufika siku ikijisikia. Akaniachia pia mdogo wangu Kalina, binti wa miaka kumi na tisa, mgonjwa wa ule ugonjwa wa kujinyima chakula. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, “Dada, akianguka tena, sidhani kama moyo wake utahimili.”

Nikapata kazi ya kuchuja machapisho ya mtandaoni, kwenye lile jengo la vioo. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta, kuletewa yale yaliyotiliwa shaka, na kuamua moja kati ya mawili: futa au acha. Tuliapishwa tusiseme nje tunayoyaona. Kwa hiyo nyumbani nilidanganya kwamba nachuja matangazo ya viatu bandia. Ukweli ni kwamba nilipewa foleni ya watu wanaojidhuru, na ndani yake wamo wale wasiokula.

Nilikomea pale ambapo kwenye skrini yangu ilitokea sahani ya bluu yenye pengo ukingoni.

Sahani ile ni yetu. Pengo lile nililitia mimi, siku tuliyomzika mama.

Kando ya sahani palikuwa na picha nyingine: mkono wa mtu, mfupa mtupu, umevalishwa utepe wa hospitali. Chini yake maneno: “Mkono huu ulikuwa wangu. Usiutamani. Leo saa sita nakula supu ya maharage. Nani anakula na mimi?”

Akaunti iliitwa Saa Sita Mezani. Haikuwa na jina la mtu, lakini nani asiyeujua mkono wa mdogo wake? Nilikuwa nimeuosha mkono ule kwa kitambaa, wodini.

Chini yake wasichana walikuwa wamejazana. “Mimi nipo, nina mkate na jibini.” “Mimi naogopa, lakini nimeshakaa mezani.” “Yoana wa Vratsa hapa, kijiko mkononi.”

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kanuni yetu inasema: ukiona mifupa, futa. Anayesifu na anayeonya wote ni sawa. Kanuni nyingine inasema: ukikuta la ndugu yako, inua mkono, mpe mwenzio. Mwenzangu anayesoma Kibulgaria kwenye zamu ile alikuwa mmoja tu, Vesko, kijana mpole anayekaa kiti cha pili. Nikaona aibu Vesko auone mkono ule. Halafu nikaona hasira. Nikasema moyoni, kumbe hawa ndio wanaomrudisha mdogo wangu kwenye ugonjwa, anashinda nao anazungumza mifupa!

Nikabonyeza futa.

Kumbe ilikuwa mara yake ya tatu kufutiwa, mbili za kwanza alifuta Vesko. Ya tatu hufunga akaunti yenyewe. Skrini ikaniandikia: imefungwa. Ikaniletea nyingine.

Nilirudi nyumbani mchana nikiwa mwepesi, nikijiona nimeokoa mtu. Nikamkuta Kalina amekaa jikoni. Sufuria ya supu ilikuwa imejaa vilevile nilivyoiacha.

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Chakula.”

“Kalina, mimi si mtoto mwenzio.”

Akaniinulia macho. Yalikuwa mekundu. “Dada, wamenifunga.”

“Nani kamfunga nani?”

Akanieleza yote kana kwamba sijui kitu. Nami, kwa kuwa nilijua kila kitu, nikajifanya mkali.

“Yaani unalia kwa ajili ya mtandao? Mimi nikadhani umeumwa!”

“Unajua kwa nini nilikuwa nakula supu yako?”

“Kwa sababu ni tamu.”

“Supu yako? Dada, supu yako ni maji ambayo maharage yameogea.”

Tukakaribia kucheka. Mimi nilikaribia zaidi. Yeye uso wake ulirudi ulikotoka.

“Nilikuwa nakula kwa sababu kuna watu walikuwa wananingoja. Nisipokula mimi, Yoana hali. Yoana asipokula, na wengine wanaweka vijiko chini. Saa sita ikifika nilikuwa sina ruhusa ya kuogopa. Unaelewa? Sikuwa na ruhusa.”

“Utakula na mimi.”

“Wewe unaniangalia mdomoni kama polisi.”

Hilo lilikuwa kweli, likanichoma.

“Kuna mtu,” akasema polepole, “amekaa mahali na kahawa yake, ameuona mkono wangu, akasema ondoa uchafu huu.”

“Labda ni mashine.”

“Laiti ingekuwa mashine. Mashine haina roho ya kuulizwa.”

Nikageuka nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kuanzia hapo, jamani, nyumba yetu ikawa na mtu wa tatu. Simwoni, lakini yupo: yule mtu wa kahawa. Saa sita ikifika Kalina anakaa mezani, anajiwekea kijiko, anageuza simu kifudifudi, anatulia. Anakaa hivyo mpaka supu inapoa na kuganda. Kisha anaimwaga, anaosha sahani, anarudi chumbani. Sikuhitaji kuwepo ili kuona. Nikiwa kazini, saa sita ikigonga, nasikia kijiko kikiwekwa chini.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Plamen. Plamen ndiye kiongozi wetu wa zamu. Zamani alikuwa mwalimu wa michezo, na mpaka leo anamwita kila mtu bingwa.

“Bingwa! Umekuja kuomba likizo au kuacha kazi? Uso wako unasema vyote viwili.”

“Nataka kurudisha akaunti moja niliyofunga.”

“Ya nani?”

“Ya mtu.”

“Mtu ana jina.”

Plamen akasimama, akafunga mlango, akakaa mezani badala ya kitini. Utani ulikuwa umemtoka.

“Zornitsa. Ukiniambia ni ndugu yako, nikisikia, ni lazima nikutoe humu leo hii. Umeshughulikia la ndugu, tena umefuta. Hapo mimi sina ujanja. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Ni ndugu yako?”

Nikamfikiria Kalina, dawa zake, daktari wake, joto la nyumba ya mama wakati wa baridi. Vyote vinatoka kwenye kiti kile.

“Hapana,” nikasema.

“Safi. Basi mwenye akaunti akate rufaa. Rufaa zinakwenda kwa wenzetu wa nchi nyingine.”

“Wanajua Kibulgaria?”

“Wanajua mifupa.”

Nikatoka. Vesko akanisogezea nusu ya banitsa yake, ile sambusa ya jibini ambayo mama yake humfungia kila asubuhi. “Kula, dada. Umekonda wewe sasa.” Nikaila ili asiniulize zaidi.

Nyumbani nikamshawishi Kalina akate rufaa. Nilijifanya nimesikia kwa watu wa viatu kwamba huwa inasaidia. Akaandika kwa moyo wote, ukurasa mzima, akanisomea. Alieleza kwamba mifupa ile hakuiweka kwa fahari, aliiweka kama mtu anavyoonyesha kovu. Nikamwambia umeandika vizuri. Nikamwambia hakuna mtu mwenye moyo atakayekataa.

Jibu lilikuja upesi kuliko supu kuchemka.

“Tunakujali,” akasoma. “Tumeangalia tena. Uamuzi wetu ni uleule. Kama unapitia wakati mgumu, piga namba hii.” Akanionyesha simu. “Nimepiga. Ni namba ya nchi nyingine. Haipatikani kutoka huku.”

Alicheka kidogo, kicheko kikavu, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hata kukaa mezani aliacha. Akabaki na chai.

Nilimpigia daktari. Akasema mlete. Kalina akasema ukinipeleka natoka dirishani. Nikamwambia tuko ghorofa ya juu. Akasema najua tuko ghorofa gani. Nikafunga madirisha yote, nikaenda kazini na funguo mfukoni, na njia nzima ndani ya tramu nilikuwa nazishika kama mtu anayeshika rozari.

Kazini hali ikawa mbaya zaidi. Kila picha iliyokuja ilikuwa yeye. Viwiko vyake. Mabega yake. Hata kanzu zilizotundikwa kwenye kamba, nilimwona yeye. Mara moja nilifuta picha ya kiti cha mbao kwa sababu mgongo wake ulinitisha. Vesko akaona.

“Dada, washa ukungu.”

“Ukungu gani?”

“Hapa pembeni. Unazifanya picha ziwe na ukungu na rangi zinatoka, unaona umbo tu. Sisi wote tuna siku za ukungu. Utapumzisha macho.”

Akanisaidia kuuvuta mpaka mwisho. Dunia ikawa moshi. Nikashukuru. Nilifanya kazi kwa kasi siku ile, Plamen akanipitia akanigonga bega: bingwa amerudi!

Ndipo ikaja karatasi ya msiba.

Zile karatasi tunazibandika kila mahali. Mlango wa kila jengo, kila nguzo, kila kituo cha tramu. Ukingo mweusi, msalaba, picha, jina, maneno ya majonzi. Mtu akifa inabandikwa, akitimiza siku arobaini inabandikwa nyingine, nusu mwaka nyingine, na mwaka hivyohivyo, mpaka mvua iziunganishe zote ziwe ganda moja. Nimekua nikizipita. Mtu wa hapa haoni karatasi ya msiba, kama asivyoona kitasa cha mlango wake. Siku hizi watu wanaziweka na mtandaoni.

Hii ilikuwa imeripotiwa na watu wengi. Nikacheka moyoni. Nikasema hao ni ndugu wanagombana tena, nani katajwa na nani kasahauliwa, maana kwetu watu hununiana miaka kwa sababu ya karatasi hizo. Picha ilikuwa ukungu mtupu. Msalaba ulikuwa pale, tawi la maua chini yake, ukingo mweusi. Hakuna mfupa. Hakuna kisu. Hakuna aliyesema anataka kufa.

Nikasema kimyakimya, Mungu amrehemu. Nikabonyeza acha. Haina kosa.

Jina sikulisoma. Nitarudia, maana nataka unielewe: jina lilikuwa pale, kwa herufi kubwa, na sikulisoma.

Jumapili sikuwa na zamu. Nilikuwa jikoni nakanda unga, nimejipa matumaini ya kijinga kwamba harufu ya mkate itamtoa chumbani. Kengele ya mlango ikalia. Mikono yangu ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

“Kalina! Fungua, tafadhali!”

Nikasikia miguu yake ikikokota. Kitasa kikageuka. Kisha ukapigwa ukelele ambao nadhani ulifika mpaka mlima Vitosha.

“Mungu wangu! Mungu wangu, Mama Mtakatifu! Rudi! Rudi ulikotoka, mwanangu, usinifuate!”

Nikakimbia. Mlangoni alikuwa Bibi Stoyna wa ghorofa ya chini, mjane mwenye magoti mabovu, ambaye hajawahi kupanda kwetu tangu lifti ilipoanza maringo. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi. Mgongo ameubandika ukutani, mkono mmoja unapiga ishara ya msalaba bila breki. Mkono wa pili umeshika bakuli, na bakuli halikuanguka.

“Bibi, ni mimi,” Kalina akasema.

“Najua ni wewe! Ndiyo maana naogopa!”

“Niguse.”

“Sikugusi!”

Kalina akamshika kidole. Bibi Stoyna akaruka. “Una baridi kama maiti!”

“Nina baridi kila siku, bibi.”

“Bibi Stoyna, kuna nini?” nikauliza. “Nani kafa?”

Akanigeukia, na macho yake sasa yalikuwa na hasira kuliko hofu. “Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mfiwa! Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu. Karatasi ya Kalina, na picha yake ya shule, ile ya nywele za kusuka. ‘Kwa majonzi makubwa.’ Nimelia tangu jana! Nikasema masikini Zornitsa, amejifungia na msiba wake, hata kubandika mlangoni ameshindwa. Nimekwenda kanisani asubuhi hii, padri amemtaja kwa jina, nimewasha mshumaa wa chini, kwenye mchanga wa marehemu! Na nimechemsha ngano!”

Akatusogezea bakuli usoni. Ngano ya roho ya marehemu, imechanganywa sukari na jozi zilizosagwa, mshumaa mwembamba umechomekwa katikati. Ulikuwa umezimika njiani.

“Karatasi gani?” nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

“Niliitengeneza mimi,” Kalina akasema. “Kwenye akaunti mpya.”

Akatoa simu kwenye mfuko wa sweta, akanishikisha.

Hapakuwa na ukungu. Kalina alikuwa ananitazama na nywele zake za kusuka, mashavu yamejaa, anacheka na mpiga picha wa shule. Ukingo mweusi. Msalaba. Tawi la maua chini yake, limeinama vilevile.

Nilimwombea rehema mdogo wangu mzima. Nilimpitisha.

“Wee mtoto!” Bibi Stoyna alikuwa amepata pumzi. “Unachezea kifo? Kifo kinachezewa? Ningeanguka hapa kwenye ngazi, nani angenibeba, wewe na mikono yako ya uzi?”

“Sikichezei, bibi. Nilikuwa nimechoka.”

“Umechoka nini, umri huo?”

“Nimechoka kuficha mifupa ili niruhusiwe kusema.” Akaniangalia mimi, si bibi. “Walifuta mkono wangu. Nikasema, ngoja niwape kitu kisicho na mfupa hata mmoja, nione. Wenzangu walishtuka. Yoana aliripoti akilia, akaripoti tena, wengine wote wakaripoti, okoeni mtu huyu jamani. Unajua walijibiwa nini? Tumeangalia, haina kosa.” Akaichukua simu yake. “Dada, nikiwa hai nina kosa. Nikiwa maiti sina kosa.”

Nikakaa kwenye kigoda cha viatu, unga ukinidondoka magotini. Nilitaka kusema. Wallahi, nilitaka.

Bibi Stoyna naye alikuwa na shida yake. Alilitazama bakuli, akatutazama.

“Sasa hii nitaifanyaje?”

“Rudi nayo, bibi,” nikasema.

“Nirudi nayo? Imeombewa kwa jina lake! Hairudi nyumbani, haitupwi, haikataliwi mlangoni. Mama yangu angefufuka anizabe kofi. Hii ni lazima iliwe.”

“Basi tuile,” Kalina akasema.

“We! Mtu hali ngano ya roho yake mwenyewe! Ni mkosi!”

“Mwache,” nikasema.

“Zornitsa, wewe hujui—”

“Bibi, mwache! Kama atakula, mwache ale hata mshumaa!”

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Bibi Stoyna akaniangalia, kisha akamwangalia Kalina, shingo yake, mikono yake, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza ni nini kinaishi ghorofa ya juu. Akaingia ndani bila kukaribishwa, akaweka bakuli mezani, akachomoa mshumaa, akaulamba sukari, akautia mfukoni.

“Leteni kijiko,” akasema.

Kalina akakaa. Akachota. Kijiko kikasimama hewani, kidogo tu chini ya mdomo, na harufu ya sukari na jozi ikajaa jikoni. Nilishika ukingo wa meza.

Akakirudisha bakulini.

“Kwanza nataka jina.”

“Jina gani?”

“La aliyeipitisha karatasi yangu. Wewe unafanya kazi jengo lilelile. Mnakutana kwenye kahawa, kwenye lifti. Usiniambie humjui.”

“Kalina, mimi ni wa viatu—”

“Mimi nilifutwa na mtu anayesoma Kibulgaria. Mko wangapi humo mnaosoma Kibulgaria?” Macho yake hayakupepesa. “Sitaki kumpiga. Nataka kumjua. Mtu ameniona nimekufa akaendelea na kazi. Siwezi kulala, dada. Nikifumba macho naona mtu asiye na uso ananiangalia, halafu anageuka. Nipe uso wake, nitakula. Ukiwa huna, bibi abebe bakuli lake.”

“Libebwe liende wapi?” Bibi Stoyna akafoka. “Zornitsa! Kama unamjua mtu huyo, mtaje! Mtoto ana kijiko mkononi!”

Neno lilikuwa moja tu. Mimi. Fupi kuliko yote. Nililitafuta, nikaliona liko pale karibu na meno.

Lakini nikaona na mengine. Nikaona kijiko kinaanguka. Nikaona hataipokea tena sahani kutoka mkononi mwangu, wala supu, wala mkate uliokuwa ukiumuka pale kwenye beseni, na duniani hana mtu mwingine wa kumpikia. Nikamwona daktari ananivuta pembeni. Nikaona karatasi ile mlangoni kwetu chini, safari hii nimeibandika mimi kwa gundi.

“Vesko,” nikasema.

“Nani?”

“Anaitwa Vesko.”

“Vesko nani?”

“Vesko Galabov. Anakaa kiti cha pili kutoka changu. Ndiye anayeshika hiyo foleni.”

Kalina akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetolewa mwiba. Akainua kijiko. Akakitia mdomoni.

Nikasikia jozi zikivunjika kwenye meno yake. Nilikuwa sijasikia sauti ya mdogo wangu akitafuna kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Akachota tena. Bibi Stoyna akaanza kulia na kupiga msalaba na kunung'unika, mara anaomba radhi kwa watakatifu, mara anasema kula, mama, kula, chukua na za pembeni. Mimi nililia pia. Nilikuwa na furaha, sikatai. Furaha ya mtu aliyeiba mkate akamlisha mtoto. Na chini yake palikuwa na ubaridi, kwa sababu nilimwona Vesko ananisogezea banitsa ya mama yake, ananiambia nimekonda.

Nikajipa moyo. Nikasema kesho nitajua la kufanya. Nitamwambia Vesko mwenyewe, ni mwelewa. Jina moja, limesemwa jikoni, mbele ya bibi mmoja. Litaishia hapa.

Kalina akakwangua bakuli mpaka likalia. Mdomo wake ulikuwa na sukari, na mashavuni, naapa, palikuwa na rangi. Akajifuta kwa mgongo wa mkono. Kisha akavuta simu yake, akaanza kuandika kwa vidole viwili, haraka.

“Unaandika nini?” nikauliza.

“Jina lake,” akasema bila kuinua macho. “Wenzangu nao hawajala.”

Nikaruka kuishika ile simu, unga ukatapakaa mezani, lakini alikuwa ameshatuma.